Mfupa wa Kinyozi

"Hapana," alisema mkaguzi, akakisogeza kipande pembeni kwa ncha ya kidole.

Fundi tanuri alikuwa amesimama ng'ambo ya meza, mikono ameifunga mgongoni, kama mzazi aliyeitwa shuleni kusomewa makosa ya mwanawe. Alikitazama kile kipande kikienda kujiunga na wenzake waliokataliwa. Kilikuwa cheupe, chepesi, kimejaa matundu toka upande huu hadi ule. Ungekikuta jikoni ungedhani ni mkate wa juzi uliokauka ukageuka jiwe.

"Hiki nacho kina nini, shemeji?"

"Kimelia vibaya."

"Kimelia vibaya! Hebu kigonge tena, na mimi niusikie huo msiba."

Mkaguzi alikigonga kwa kijiti chake cha chuma. Ting.

"Hapo kimekosa nini?"

"Kina mafua."

"Mafua!" Fundi tanuri aliwageukia watu wa meza ya kukamulia sponji. "Jamani, mmesikia? Kimekaa motoni usiku na mchana, kimetoka na mafua!"

Chumba kizima kilicheka, na mkaguzi naye akacheka, maana hakuwa mtu wa kununa. Lakini kipande hakukirudisha.

Karakana yao ilikuwa nyuma ya hospitali, mlango wake ukitazamana na pale shuka zinapoanikwa. Humo ndimo walimotengeneza vijazio vya mfupa. Sponji ilikatwa kwa umbo lililotakiwa, ikachovywa kwenye uji mweupe wa unga unaofanana na mfupa, uliochanganywa na unga mwingine mgumu ili kitu kisije kikavunjika ovyo. Ikakamuliwa, ikaanikwa kivulini, kisha ikaingia tanurini. Humo moto ulipandishwa pole pole, sponji ikaungua ikaisha kabisa, ukabaki ule unga umekuwa mgumu, na matundu ya sponji yamebaki vile vile kama yalivyokuwa. Penye pengo katika mfupa wa mtu daktari alipachika kijazio, damu ikaingia matunduni, na mfupa wa mwenyewe ukaanza kumea humo ndani. Bila matundu kile ni kigae tu.

Kazi ya mkaguzi ilikuwa kuona matundu yote yako wazi na hakuna ufa. Alimulika kwa taa, akatazama kwa lenzi, kisha akagonga na kusikiliza. Kilicho kizima hulia, chenye ufa hukohoa. Kwa jinsi alivyokuwa mgumu wa kuridhika, wenzake walimwita Bi Hapana, na yeye jina hilo alilipenda kuliko alivyokubali kusema.

Lakini wiki ile ugumu ulikuwa umepita kiasi. Trei ya kwanza ya vijazio vya mgonjwa wa kupasuliwa Alhamisi ilikataliwa yote. Hii ilikuwa ya pili, nayo yote imelala upande wa makosa.

"Haya," alisema fundi tanuri akiinyanyua trei yake, na safari hii hakuwa akicheka sana. "Iliyokauka imebaki moja tu. Naiingiza sasa hivi, itatoka kesho asubuhi. Ukiikataa na hiyo, shemeji, mtu wa Alhamisi atafute mguu mwingine."

Mkaguzi alijifanya anafuta lenzi. Kwenye ubao wa maagizo ulikuwa umechorwa huo mfupa wa Alhamisi: kijazio cha muundi wa mguu, urefu kama kiberiti, ubavu mmoja umepinda kidogo. Jina hakuna. Majina yalibaki hospitali kwa makusudi, ili kila kipande kipate jicho lile lile. Na ilikuwa sheria ya karakana kwamba anayejua kipande ni cha ndugu yake aseme, aondoke mezani, mwingine akague.

Mkaguzi aliijua sheria hiyo vizuri. Yeye mwenyewe ndiye aliyemkumbusha fundi tanuri wakati mpwa wa fundi huyo alipohitaji kijazio. Lakini kiberiti kile kilichopinda ubavu alikuwa amekiona kliniki kabla hajakiona ubaoni. Daktari alikichora kwenye karatasi mbele yake na mumewe, akasema, "Pengo lako liko hivi." Kwa hiyo alijua, na alinyamaza.

&nbsp;

Chumba cha mbele cha nyumba yao kilikuwa duka la kinyozi. Ukiingia unakutana na kioo kirefu, mashine mbili zikining'inia kwenye misumari, na mume wa mkaguzi juu ya stuli ndefu kama mtu aliyepanda jukwaani. Mguu ulivunjika, ukaunganishwa, mfupa ukaingia usaha, ukakwanguliwa. Usaha uliisha, "namshukuru Mungu," alikuwa akisema mwenyewe, lakini uliondoka na kipande. Pale palipobaki palikuwa pembamba kama ganda la yai, na daktari alimwonya kuwa akiukanyagia vibaya siku moja tu, hakutakuwa na cha kujaza tena. Hivyo kinyozi alinyoa ameketi. Na ili vichwa vimfikie, wateja waliketi kwenye kibao kifupi miguuni pake.

Jioni ile mkaguzi alikuta mgeni mlangoni, bwana mmoja wa suti, tayari ameshavishwa kitambaa shingoni, anakitazama kibao.

"Nikae hapo?"

"Hapo hapo, bosi. Kichwa chako kije kwangu, maana mguu wangu hauwezi kukifuata."

"Watu wakipita barabarani wataniona nimechuchumaa mbele yako kama naomba msamaha."

"Basi omba kabisa, tumalizane yote kwa mara moja."

Waliokuwa wakisubiri zamu waliangua kicheko. Bwana wa suti hakucheka. Alikivua kitambaa, akakitupa juu ya kibao, akatoka bila kuaga.

"Huyo dhambi zake ni nyingi, ameona akizimaliza tutafunga duka saa sita usiku," alisema kinyozi, na watu wakavunjika mbavu tena. Lakini mkaguzi, akiwa bado mlangoni na mkoba wake, aliona jinsi mumewe alivyokiokota kitambaa kwa gongo, akakikunja, akakikunjua, akakikunja upya. Siku za nyuma mwanamume huyu alinyoa akizunguka kiti kama anayecheza ngoma. Mkaguzi alipitiliza ndani, akajifanya ana haraka ya sufuria.

Wakati wa chakula alichukua kikombe kabatini, akakileta karibu na sikio, akakigonga kwa kijiko.

Mama mkwe wake alikuwa akimtazama. Aliishi nao tangu alipofiwa, na macho yake yalikuwa yamechoka lakini hayakupitwa na kitu.

"Mwanangu," alisema, "kikombe hicho nimekinywea chai tangu mumeo hajaota jino. Leo ndiyo unakipima kama kinafaa?"

"Nimezoea tu, mama."

"Mwache, mama," alisema kinyozi. "Juzi kanigonga magongo yote mawili. Nikamwambia agonge na kichwa changu. Akagonga. Unajua alisemaje? Eti kitupu, lakini hakina ufa."

Walicheka, mkaguzi naye akacheka, kikombe bado mkononi.

"Daktari alinipigia leo," kinyozi aliendelea akimega chakula. "Kesho mchana anataka kijazio kiwe mkononi mwake, wakisafishe kiwe tayari. Kisipofika, nafasi yangu ya Alhamisi anapewa mtu mwingine, na daktari Ijumaa anaondoka. Kurudi kwake ni mpaka mvua zote ziishe."

"Kitafika," mkaguzi alisema.

"Huko kwenu vitu vinatoka?"

"Vinatoka."

"Nasikia kuna mkaguzi mmoja hapo roho mbaya sana."

"Nani kakwambia?"

"Fundi tanuri. Alikuja kunyolewa juzi. Kanisimulia habari ya huyo mwanamke mpaka nikamwonea huruma mumewe."

Mama mkwe alicheka hadi akapaliwa. Kwake hili lilikuwa jambo la fahari. Alishawaambia majirani wote kwamba mkwe wake ndiye anayemkagulia mumewe mfupa, na mwanamke mwingine angejulia wapi kazi kama hiyo? Hapo nyumbani hakuna aliyejua kuwa hairuhusiwi. Hilo mkaguzi alikuwa nalo peke yake, na jioni ile alilimeza pamoja na chakula.

Kabla ya kulala alipiga magoti kama kawaida yake. Alimtaja mumewe, akautaja mguu, akamtaja daktari na mikono yake. Katikati ya maombi akajikuta ameacha kuomba, anasikiliza kama sauti yake yenyewe inalia vizuri. Akaona haya mbele ya Mungu wake, akaanza upya.

&nbsp;

Asubuhi trei ya mwisho ilipofika mezani bado ilikuwa na uvuguvugu. Fundi tanuri aliiweka bila utani. Macho yake yalikuwa mekundu. Ilionekana hakumwachia mtu mwingine zamu ya moto.

Mkaguzi alikichukua cha kwanza, akakimulika. Matundu yalifuatana yakipishana, safi, na mwanga ukapita mpaka kwenye kiganja chake. Akakigonga. Ting. Akasikiliza. Palikuwa na kitu kule mwisho wa ile sauti. Au hapakuwa na kitu?

"Hapana," alisema.

Cha pili. "Hapana."

Cha tatu alikigonga, akakigonga tena, akakigonga mara ya tatu, na fundi tanuri akaomba msimamizi aitwe.

Msimamizi alikuja na miwani yake kipajini. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, mdogo kwa mkaguzi kwa umri, na kwa sababu hiyo alimwita dada hata alipokuwa akimkaripia.

"Dada, nionyeshe kosa."

"Sijaridhika nacho."

"Nimekuelewa. Kosa liko wapi?"

Mkaguzi alikizungusha kipande chini ya lenzi. Alikizungusha tena. Watu wa meza ya kukamulia waliacha kukamua, uji mweupe ukiwatiririka viwikoni.

"Mimi kwa miaka yote sijawahi kukuona ukikataa kitu bila kuweka kidole kwenye kosa," alisema msimamizi taratibu. "Kuna nini?"

"Hakuna kitu."

Ndipo mlango ulipobishwa, na kabla hawajaitikia ukafunguliwa. Aliingia mama mkwe, amevaa nguo yake ya kutokea, mkononi hotipoti imefungwa kwa kitambaa.

"Hodi, hodi jamani. Hamjambo wanangu? Mkwe wangu kasahau chakula. Tangu Jumatatu akili yake haipo, na nani wa kumlaumu? Mtu anamkagulia mumewe mfupa, atakumbuka hotipoti?"

Alikuwa akitabasamu kwa kila mtu. Tabasamu hilo lilizunguka chumba kizima, halikupata wa kulipokea, likarudi lilikotoka.

"Nimesema vibaya?" akauliza.

Fundi tanuri ndiye aliyetangulia kupata sauti. "Mama, unasema hiki cha kiberiti... huu ni mguu wa kinyozi wangu?"

"Si ndiyo."

"Tangu Jumatatu nauchoma mguu wa kinyozi wangu, naye shemeji anautupa?" Alijishika kichwa, kisha akaanza kucheka, kicheko cha mtu aliyechoka. "Ndiyo maana una mafua! Hata angekuja malaika mwenyewe angeambiwa bawa limepinda!"

Chumba kilicheka. Safari hii mkaguzi hakuweza kucheka nao. Uso ulimwaka moto. Alikiweka kijiti chake mezani, kikabingirika, na hakuna aliyekidaka. Kikaanguka sakafuni.

Msimamizi alingoja kelele ziishe. Hakufoka. Alikwenda kwenye kabati la akiba, ambako kwa kila trei iliyopita walihifadhi kipande kimoja. Alitoa vichache vilivyokaribia umbo lile, akachukua na vingine kutoka kwenye trei hii na zile mbili zilizokataliwa. Mkaguzi aliambiwa atazame ukutani. Vilipangwa kwenye meza vimechanganywa, na namba iliyo kwenye kila kipande ikafunikwa kwa plasta ya kidonda.

"Kagua," msimamizi alisema. "Hivi havina mwenyewe."

Mkaguzi alikagua. Kazi ilikuwa ile ile aliyoizoea. Alimulika, akagonga, akaweka hiki huku na hiki kule. Kimoja alikishika muda mrefu. Kilipolia aliinua uso.

"Hiki," alisema. "Hiki ningekipeleka hospitali sasa hivi kwa miguu yangu."

Msimamizi alibandua plasta. Fundi tanuri aliinama kusoma namba, akapiga kofi mezani.

"Mwenye mafua wa jana! Jamani, amepona!"

Hata msimamizi alishindwa kujizuia. Lakini alibandua na plasta nyingine, ya kipande ambacho mkaguzi alikuwa amekiweka upande wa makosa, na hicho kilitoka kabatini. Kilikuwa cha trei aliyoipitisha mwenyewe kabla mumewe hajavunjika.

Mkaguzi alikaa. Alikitazama kile kipande. Wenzake wa trei hiyo walikuwa wameshaingia kwenye miguu na taya za watu, na watu hao walikuwa na wake, na mama zao.

"Kwa hiyo ama niliwadhulumu wale," alisema polepole, kama anayesema na nafsi yake, "au namdhulumu huyu wangu."

"Wale nimewaona kliniki," alisema msimamizi. "Mmoja alikuja anakimbilia gari lisimwache. Anayedhulumiwa ni wako, dada. Bado kidogo umkoseshe Alhamisi yake."

Kisha akaishusha miwani machoni. "Ondoka mezani. Nakagua mimi. Na kwa kuficha, wiki mbili utakamua sponji na hawa. Tumeelewana?"

"Tumeelewana."

"Kanawe uso, ukale chakula cha mama."

&nbsp;

Walikaa nje kwenye benchi, yeye na mama mkwe, shuka za hospitali zikipepea mbele yao. Hotipoti ilikuwa katikati, haijafunguliwa.

"Nimekuharibia kazi," alisema mama mkwe.

"Hapana, mama."

"Hilo hapana lako leo silitaki. Sema kweli."

"Nilijiharibia mwenyewe. Wewe umekuja na chakula tu."

Kutoka ndani ilisikika ting, kisha kimya. Mkaguzi alishtuka akataka kunyanyuka. Mama mkwe alimshika mkono, na kwa mkono mwembamba vile ulikuwa na nguvu.

"Tulia. Nikwambie jambo. Huyo mumeo alichelewa sana kutembea. Wenzake wote wanakimbia, yeye anakaa kama gunia. Watu wakaanza kunisema. Kumbe shida ni mimi. Kila akisimama, namdaka. Akiinua mguu, namdaka. Nilikuwa naona hii sakafu ni ngumu mno kwa mwanangu. Basi marehemu baba yake siku hiyo akanituma sokoni, eti nikamtafutie kitu fulani, kitu chenyewe hakipo. Nimezunguka mpaka miguu imeniuma. Narudi, nakuta mtoto anatoka chumba hiki anaingia kile, ana nundu kipajini kama yai, na anacheka."

"Ulifanyaje?"

"Nililia. Kisha nikamsema mume wangu kwa habari ya nundu."

Mkaguzi alicheka kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Ndani ikasikika ting nyingine, na nyingine. Alikaza vidole kwenye ukingo wa benchi, akajikaza kisabuni, lakini hakunyanyuka. Kwa kweli alitambua kitu kilichomshangaza: kwa mbali namna hii, ukuta ukiwa katikati, zote zilikuwa zikilia vizuri.

Mama mkwe alifungua hotipoti. Walikuwa wamefika nusu ya chakula mlango ulipofunguliwa, na fundi tanuri akatoka ameshika kisanduku kwa mikono miwili mbele ya kifua, kama anayebeba keki ya harusi.

"Vimepita viwili, shemeji. Kimoja cha kuweka, kimoja cha akiba. Napeleka mwenyewe."

"Cha jana?"

"Sikwambii."

"Hebu nikione tu."

"Hata kwa ukucha wako hukigusi. Nimeapa." Akasimama, akamtazama, sauti ikashuka. "Vizuri, shemeji. Ni vizuri sana. Mimi mtu wa kuninyoa namchagua. Unadhani yule ningempelekea takataka?"

Akaondoka akipita katikati ya shuka, akizikwepa kwa mabega, na mkaguzi akamfuata kwa macho mpaka alipoingia mlango wa hospitali.

&nbsp;

Alhamisi walimwingiza kinyozi mapema. Mkaguzi na mama mkwe waliachwa kwenye ukumbi wa kungojea, wakiwa na magongo yake na viatu vyake. Mama mkwe alifumba macho, midomo ikisema na Mungu wake bila sauti. Mkaguzi alimaliza yake, akabaki anatazama vidole vyake. Uji wa sponji ulikuwa umekauka kwenye kucha, mweupe, na haukutoka kwa sabuni.

Pembeni aliketi mwanamke mwingine, kijana, na kiatu kimoja kidogo cha mtoto mapajani. Alikuwa akikifungua na kukifunga kamba.

"Na wewe una mtu humo?" aliuliza.

"Mume wangu. Mguu."

"Mimi mwanangu. Taya. Aliota uvimbe, wameukata, sasa wanajaza." Alivuta kamba ya kiatu. "Wanasema wanajaza kwa kitu cha kutoka motoni. Kama kigae. Nimesaini, lakini dada yangu, kweli mtoto wangu atatafuna kwa kigae?"

"Si kigae," alisema mkaguzi. "Kina matundu kama mkate. Damu yake inaingia humo, mfupa wake mwenyewe unamea humo, baadaye hata yeye hajui kipi ni kipi."

"Wewe umejuaje?"

"Natengeneza. Mimi ni mkaguzi." Akaangalia kucha zake, akatabasamu. "Wiki hii nakamua. Lakini mimi ni mkaguzi."

Yule mwanamke alimgeukia mwili mzima, kiatu kikaanguka.

"Vya taya umewahi kuviona?"

"Vyote hupita mezani kwangu. Hivi vya wiki hii vilipita wiki jana. Cha mwanao nimekishika kwa mkono huu. Nikakimulika, nikakigonga."

"Kikasemaje?"

"Kikalia vizuri."

Mwanamke alishusha pumzi ndefu, kama mtu aliyetuliwa mzigo kichwani. Aliinama akaokota kiatu. Kisha wazo likamjia.

"Na cha mumeo ulikigonga pia?"

"Hicho..." Mkaguzi alikwangua uji kwenye ukucha. "Hicho nilifukuzwa mezani."

"Kwa nini?"

"Alimpenda mno," alisema mama mkwe, macho bado ameyafumba. "Alimpenda mpaka almanusura amkoseshe matibabu. Mwanangu angepona kwa chuki mapema zaidi."

Wote watatu waliangua kicheko, kile kicheko cha wasiwasi ambacho kikianza hakishikiki. Mlango ulifunguka, nesi akatoa kichwa.

"Jamani! Kuna wagonjwa humu." Akatazama karatasi. "Wa kinyozi ni nani?"

Kicheko kilikatika. Mama mkwe alifumbua macho. "Ni sisi."

"Amemaliza. Daktari anasema kijazio kimekaa mahali pake kama kilizaliwa hapo. Mambo mengine ni mpaka picha za baadaye, na asikanyage mpaka aruhusiwe. Anaanza kuamka." Nesi alikunja uso. "Anauliza ni nani aliyemnyoa mguu kabla ya upasuaji. Anasema kazi mbovu, hajapata kuona. Ni mimi niliyemnyoa."

"Ndiye huyo," alisema mama mkwe akijifuta macho kwa ncha ya nguo. "Ndiye mwenyewe. Hawajambadilisha."

"Aingie mmoja kwanza."

Mama mkwe aliyachukua magongo, akamsukuma mkaguzi begani. "Nenda, mwanangu. Ni wako."

Mkaguzi alikuwa ameshasimama. Machozi yalimtiririka na hakuyafuta. Alipiga hatua moja kuelekea mlangoni, akamwona yule mwanamke kijana amebaki peke yake kwenye benchi refu, kiatu kidogo mikononi, macho yamekazwa kwenye mlango ambao haukumwita.

Akarudi, akaketi karibu naye.

"Tangulia wewe, mama," alisema. "Mwambie nakuja. Mimi nina mwingine humu."